Karai la Maji Chilangala

Shemeji yangu, mume wa dada, mwalimu wa shule ya misheni, aliwahi kufika Nanganga kwa baiskeli na kurudi akiwa hai, na tangu siku hiyo alijiona msafiri. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Watu sokoni walikuwa wameanza kunong'ona habari za kadi na mikutano, lakini yeye alikuwa na jambo lake. Alisoma mahali kwamba huko Ulaya watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, hupanda baiskeli wiki nzima wakipita miji ya kale na mabonde ya mito. Hawauzi kitu wala kununua, wanatazama tu, jioni wanakunywa chai. Akaona Masasi na Newala hatuna upungufu wowote. Mji wa kale tunao, boma la Wajerumani liko Newala, na bonde la Ruvuma liko pale pale chini yake. Kilichopungua ni mtu wa kumsindikiza.

Mtu huyo nikawa mimi. Dada alisema, "Usipokwenda naye, ataokotwa." Halafu nilikuwa na baiskeli, na mtu mwenye baiskeli Mkomaindo siku zile hakuwa na udhuru.

Pale Mkomaindo, mjini Masasi, karibu na hospitali, nilikuwa na kibanda. Niliuza chumvi, nyembe, uzi na viberiti. Mtu anayepima chumvi kwa kibaba huhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kwa faida yake, mara ya pili kwa kuwa mnunuzi naye anahesabu. Shemeji aliijua tabia hiyo na hakuipenda.

"Safari hii si ya biashara," akaniambia. "Ukiuza hata sindano moja, si matembezi tena."

"Sawa, shemeji," nikasema, nikafunga mfuko wa chumvi kwenye karia, chini ya blanketi.

Tuliondoka wakati wa likizo ya shule, kiangazi. Yeye alivaa kaptura nyeupe, soksi ndefu na kofia ya pama, na mfukoni ana daftari. Kila tukipita jiwe kubwa anasimama, anashusha mguu mmoja, ananifundisha.

"Hapa ndipo walipokaa wazee waliokuja na misheni."

"Najua. Mmoja wao ni babu yangu."

"Basi ungetakiwa kufurahi zaidi."

Sikufurahi zaidi. Jua lilikuwa kali, mchanga wa bondeni ulishika magurudumu, na mtu niliyefuatana naye alikuwa anapiga kengele kuwafukuza kuku ambao walikuwa wameshatoka njiani. Siku ya kwanza tulilala kwa mwalimu mwenzake chini ya mlima. Wakazungumza habari za wakaguzi wa shule mpaka taa ikaisha mafuta, nami nikawachukia wote wawili kwa pamoja ili nisirudie kazi.

Asubuhi tukapanda uwandani, kule juu kwa Wamakonde. Kupanda ni neno la heshima, tulisukuma baiskeli. Nilihesabu kona kumi na moja. Tulipofika juu nikageuka nikahesabu tena, zikawa kumi na mbili. Shemeji akasema kona hazina maana, nitazame mandhari. Nikamwambia mandhari hayakuniumiza mapaja.

Kule juu ndiko tulikoanza kuchukiwa. Niseme ukweli, chuki ile ilikuwa na sababu. Siku zile aliyefika uwandani kwa baiskeli alikuwa karani wa kodi, au tarishi mwenye hati ya kukuita barazani, au bwana shamba aliyekuja kutazama kama mihogo umepanda kwa mstari, au mnunuzi wa korosho mwenye mizani yenye akili kuliko wewe. Kila mmoja alijulikana, na kila mmoja alichukiwa kwa kiasi chake. Sisi tulikuja bila shughuli, kwa hiyo tulipewa mafungu ya wote.

Kwenye kijiji cha kwanza tulimkuta mzee anasuka mkeka wa kuanikia korosho, na mwenzake anamenya muhogo.

"Shikamoo, baba," akasema shemeji.

Mzee akatazama tairi la mbele, akatazama la nyuma. "Mmetumwa na nani?"

"Hatukutumwa, baba. Tunatembea tu. Tunaona nchi."

"Mnaona nchi."

"Ndiyo, baba."

"Wale wa karanga, upande wa Nachingwea, nao walianza kwa kuona nchi," akasema mzee. "Walipomaliza kuiona, yakaja matrekta."

Mwenzake hakuinua uso kwenye muhogo. "Na daftari walikuwa nalo."

Shemeji akalirudisha daftari mfukoni. Tulipokuwa tunaondoka nikamwambia, "Mara nyingine sema tunauza kitu."

"Nitasema uongo?"

"Mimi nitauza, wewe utasema kweli."

Akapanda baiskeli. Kutoka hapo mpaka Chilangala tulitoa shikamoo kumi na saba, tukaitikiwa nne. Nilipozipitia tena nikatoa moja, maana mzee wa nne alikuwa anakohoa.

Tulikuwa tumeshaingia Chilangala, kati ya mikorosho, nikasikia gurudumu langu la nyuma linagonga chini. Mwiba. Nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikatoa tairi, nikavuta mpira, nikaupiga pampu, nikauweka shavuni kusikiliza pumzi inatokea wapi. Lakini uwanda ule hauishi upepo. Kila nilipoweka shavu, upepo ulinipuliza toka pande zote, kana kwamba mpira mzima ni tundu. Dawa ni moja, na kila mwenye baiskeli anaijua: uuzamishe mpira kwenye maji, utazame vipovu vinapanda kutoka wapi.

Nyumba ya karibu ilikuwa na mwanamke ameketi barazani, mguu mmoja umefungwa kitambaa kwenye kifundo. Pembeni yake, kivulini, mitungi minne imepangwa, midomo imefunikwa majani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mpya wa nyasi, na ndani ya ua kulikuwa na sauti za wanawake na kingoma kidogo kinapigwa pole pole. Nilivisikia vyote hivyo. Sikuvihesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hiyo ikawa ya nne ya kweli.

"Naomba maji, mama."

"Ya kunywa?"

"Ya baiskeli."

Akainama kidogo kuitazama, kama anayetafuta mdomo wake. "Inakunywa?"

Nikamweleza habari ya mpira na vipovu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kwingine.

"Maji ya kunywa nitakupa, hata ukiwa mtu mbaya. Haya si ya kunywa. Ni ya mwanangu. Kesho alfajiri anatolewa unyagoni, anaogeshwa mlangoni. Mitungi minne, imejaa. Ikipungua hatolewi, atakaa ndani mpaka mwezi mwingine, wenzake wote wameshatoka. Mwaka juzi mtoto wa jirani walimwogesha kwa mitungi mitatu, wakasema shida, shida. Leo ameolewa, na bado wanamwita Mkavu."

"Ni karai moja tu, mama."

"Nimeshuka bondeni mara nne kwa mguu huu."

Mtu mwenye adabu angeondoka. Mimi nilikuwa mfanyabiashara. Niliona macho yake yamepita juu ya bega langu na kutua kwenye karia, ambako blanketi lilikuwa limefunuka na mfuko unaonekana. Kesho ni sherehe, watu watakula, na duka liko Newala.

"Ni chumvi hiyo?"

"Ni chumvi, mama. Nyeupe, haina mchanga. Kibaba kimoja kwa karai moja."

Shemeji akajikohoza. Nikajifanya sikusikia.

"Nusu karai," akasema.

"Nusu haizamishi mpira."

"Kata mpira."

"Vibaba viwili, karai zima. Na kibaba chenyewe cha mlima."

Akafikiri. Nikampimia kibaba kimoja kabla hajamaliza kufikiri, kikiwa na mlima, chumvi inamwagika pembeni kwenye kanga yake. Ile ni njia ya zamani. Mtu akishaona mali mapajani mwake hairudishi. Nikampimia cha pili. Akainuka, akafunua mtungi wa mwisho, akajaza karai mpaka ukingoni bila kudondosha tone, akaliweka mbele yangu.

"Haya. Tumbukiza," akasema, akaingia ndani na chumvi yake.

Nilimshinda, na nilijua nimemshinda, na nilimtazama shemeji ili naye ajue. Nikazamisha mpira. Vipovu vikapanda mara moja karibu na vali. Nikaweka alama kwa penseli, nikaufuta mpira kwa shati. Halafu nikafanya jambo nililolifanya mara mia Mkomaindo, ambako kisima kiko hatua arobaini kutoka kibandani. Nikalisukuma karai kwa mguu, maji yakamwagika.

Mchanga wa kule haunywi maji, unayameza. Nilipoinua kichwa palikuwa na doa tu, na doa lenyewe lilikuwa linakauka kutoka pembeni.

Yule mama akatoka na kipande cha kaniki mkononi, cha kuchujia. Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hajasema neno. Uwandani maji hayauzwi hivyo. Unapewa uyatumie, unayarudisha. Yanachujwa yanarudi mtungini, na kama yamechafuka mno yanaosha miguu, yakitoka miguuni yanakwenda kwa mbuzi. Hakuniambia niyarudishe, kwa sababu hiyo si habari ya kumwambia mtu mzima.

"Yako wapi?"

"Nimeyamwaga, mama."

"Umeyamwaga."

Hakupiga kelele. Aliketi chini pale pale, akaweka kiganja juu ya doa, akakaa hivyo. Kisha akaita, neno moja la Kimakonde, na kingoma nyuma ya nyumba kikanyamaza.

Walitoka wanawake tisa. Wakaja na wanaume wa mikorosho ya jirani, mmoja na mundu. Walisimama, wakatazama karai, wakatazama baiskeli miguu juu, wakanitazama mimi. Shemeji akaona wakati wa msomi umefika.

"Jamani, poleni. Lakini ni maji tu."

Nimesikia watu wengi wakisema mambo ya kipumbavu, na mengine nimeyasema mimi, ila lile liliyapita yote. Akaona amekosea, akajaribu mlango mwingine. "Tena sisi Wamakua na nyinyi ni watani."

"Mtani huchukua kuku," akasema yule wa mundu. "Hamwagi maji."

Nikatoa kibaba cha tatu. Mama mwali hakunitazama. Nikasema basi achukue mfuko mzima.

"Nitamwogesha kwa chumvi?" akauliza, si mimi, aliwauliza wenzake.

Mwanamke mmoja mzee, mwenye ndonya mdomoni na fimbo mkononi, alikuwa bado hajasema. Huyo ndiye aliyekuwa kungwi, mwenye kuwafunda mabinti mle uani. Akanizunguka mara moja, kama mtu anayenunua mbuzi na hampendi.

"Una kichwa?"

"Ninacho, bibi."

"Kimewahi kubeba?"

"Hapana, bibi."

"Basi leo. Uliyemwaga ndiye utakayejaza. Mama mwali atafuata nyuma, aone maji yametoka wapi, usije ukaiba mtungi wa watu hapa njiani ukasema umeshuka. Jua likizama mtungi haujajaa, mtoto hatoki, na baiskeli hizi tutazifanya kuni."

"Baiskeli ni chuma, bibi," akasema shemeji.

"Tutajaribu," akasema kungwi.

Shemeji aliachwa rehani pamoja na baiskeli. Mimi nilipewa debe.

Njia ya maji pale inaanza kama njia nyingine yoyote, kati ya mihogo, halafu ardhi inakatika. Chini bonde lilikuwa limetandazwa mpaka kwa Mreno ng'ambo ya Ruvuma, rangi ya majani makavu, na njia inashuka ukutani kama ufa. Mandhari ambayo shemeji alitaka kuyaona yalikuwa ndiyo hayo. Nilitamani awepo, nimsukume.

Mama mwali alishuka nyuma yangu na mguu wake. Nilisikia hatua moja nzito, moja nyepesi, na baina yake pumzi. Nilimwambia apumzike, nitashuka peke yangu, haki ya Mungu sitaiba. Nikamwambia tena.

"Ungenyamaza," akasema, "mguu ungeuma kidogo."

Chini kabisa kulikuwa na shimo kwenye mchanga wa kijito kilichokauka. Maji yalijikusanya humo taratibu, na aliyefikiwa na zamu aliyateka kwa kifuu, kifuu baada ya kifuu, huku wengine wakingoja. Nilihesabu vyombo ishirini na tatu mbele yangu. Nilipohesabu tena vilikuwa ishirini na vinne, kwa sababu mwanamke mmoja aliongeza chake nilipokuwa nahesabu. Mama mwali akawaeleza kwa lugha yao. Ilikuwa hadithi fupi, na ilipofika mwisho wote waligeuka kunitazama.

"Ndiye huyu?"

"Na baiskeli anayo?"

"Anayo. Haina maji, imekunywa yote."

"Bwana wa Masasi, kwenu mnamwaga ya kuoga tu, au na ya kupikia?"

"Kichwa chake kizuri, tazameni. Bado kipya."

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Nikamwendea mwanamke wa mbele, nikamwambia dada, nisaidie zamu yako, nitakuletea chumvi, nitakuletea wembe, sema unachotaka. Alinisikiliza kwa uso wa huruma, nikadhani nimempata.

"Kaka yangu," akasema, "zamu hapa haiuzwi. Ingekuwa inauzwa, wenye maduka wangekuwa wameshakaa mbele."

Nikarudi nyuma. Waliokuja baada yangu walipita mbele yangu, wote, kimya kimya, na mama mwali hakuwazuia. Nilipotaka kulalamika nilikumbuka kwamba mtu pekee niliyeweza kumlalamikia ni yeye. Zamu yangu ilipofika niliteka mpaka debe likajaa. Akanivua shati bila kuniuliza, akalikunja duara, akaliweka utosini pangu kuwa kata, akashika upande mmoja wa debe, nami upande mwingine, likapanda.

Sijui niseme nini juu ya debe la maji kichwani. Chumvi hukaa ulipoiweka. Maji yana safari yao. Ukienda kulia yanakwenda kushoto, ukisimama ndiyo yanaondoka. Kila hatua kiasi kilinimwagikia mgongoni, na nilijua kila tone ni la nani. Nilihesabu kona za njia ile ili nisifikirie shingo. Kwenye ya sita mguu ukateleza kwenye kokoto, nikapiga goti, nikalidaka debe likiwa limelala ubavu. Nilipochungulia ndani palikuwa na kiasi cha kunawa mikono.

Mama mwali akafika, akachungulia naye.

"Umesahau majani," akasema.

"Majani gani?"

"Ya kuweka juu ya maji, yasicheze. Matawi mawili, yale pale."

"Hukuniambia, mama."

"Hukuuliza. Uliuliza bei tu."

Akaketi kwenye jiwe, akaunyoosha mguu. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na kilicholowesha hakikuwa maji. Alilitazama jua, nami nikalitazama. Kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kuogopa mbele ya mgeni.

"Bibi yule hatanii," akasema. "Jua likizama hatoki. Rudi. Mimi nakungoja hapa, sishuki tena."

"Utajuaje sitaiba?"

"Utaiba ya nani? Wanakungoja kule chini wakucheke."

Nilishuka mbio. Walikuwa wamebaki wanne, na nilipotokea kona ya mwisho nikiwa na goti linavuja damu na debe tupu, walicheka kama alivyosema. Walipomaliza kucheka, mwanamke mmoja akavuta mtungi wake pembeni. "Pita," akasema. "Si kwa ajili yako."

Nikateka. Nikavunja matawi mawili, nikayalaza juu. Wawili wakanitwika. Nilipomfikia mama mwali alisimama, akaniacha nitangulie, na tangu hapo mpaka juu hakunyamaza.

"Usitazame chini. Njia iko pale pale. Shingo ikae, magoti ndiyo yafanye kazi. Unakimbilia nini? Pole. Sikusema usimame, nimesema pole. Mtoto wa miaka saba anapita hapa na mtungi anaimba. Wewe huimbi, basi angalau tembea."

Nilimchukia kila hatua, na kila hatua nilifanya alivyosema. Sikumwaga tone.

Tulitokea juu jua likiwa limekaa kwenye vichwa vya mikorosho. Wanawake walikuwa wamepanga mstari mbele ya nyumba. Kungwi hakunitua. Aliniacha nisimame na debe kichwani huku akilipangusa karai, lile lile, taratibu, ndani na nje. Ndipo wakanitua. Wakachukua maji kwenye debe, wakajaza karai mpaka ukingoni, wakalimimina mtungini kupitia kaniki. Kungwi akatia kidole kwenye mdomo wa mtungi. Akakitoa, akakitazama, akakitia tena.

"Umejaa," akasema.

Mama mwali akaingia ndani bila kugeuka. Nilisikia sauti yake mle, na sauti ya msichana inauliza kitu, na yeye anajibu kwa neno moja. Halafu kingoma kikaanza tena.

Maji yaliyobaki kwenye debe, kama kata mbili za kunywa, walimpa mbuzi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Shemeji nilimkuta chini ya mkorosho, kofia magotini. Wazee walikuwa wamemlazimisha awasomee daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, wajue ameandika majina ya nani. Hakukuwa na majina. Kulikuwa na jiwe la Masasi, kona za mlima, na mstari mmoja usemao wenyeji wa juu si wakarimu. Wakamwambia aufute. Akaufuta. Wakamwambia aandike wakarimu. Akaandika.

"Na wewe uliuza," akaniambia tulipokuwa tunasukuma baiskeli kwenda kutafuta pa kulala kwa katekista. "Tulikubaliana usiuze."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa dada yangu anajua kusoma.

Alfajiri tuliusikia msafara kabla hatujauona. Tulikuwa barabarani, mpira nimeshautia kiraka, na ikabidi tusimame pembeni kupisha. Mabinti walipita katikati ya mama zao, wamefunikwa kanga mpya, wamepakwa mafuta, nyuso zimeinama. Sikujua yupi ni wa yule mama, mpaka nilipomwona mwenye mguu wa kitambaa anacheza. Anacheza kwa mguu ule ule. Wanawake walikuwa wanaimba, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na niliposikia neno Masasi nikamwuliza katekista, aliyekuwa anatusindikiza, wanasema nini. Hakutaka kunitafsiria. Nikamng'ang'ania.

"Wanasema mwali wao ameogeshwa jasho la mtu wa Masasi," akasema. "Na amenukia chumvi."

Shemeji aliendelea peke yake kwenda kuona boma na Shimo la Mungu, lile korongo la Newala. Alirudi baada ya siku tatu, akamweleza dada kwamba safari ilikuwa ya manufaa. Mimi niligeuza siku ile ile, kona kumi na mbili kwenda chini.

Nilidhani nimeufikia mwisho wa jambo hilo. Lakini wanawake wa uwandani hushuka Masasi kuja hospitali na sokoni, na wimbo hauna mzigo, unashuka nao. Mwaka ule ule akaja mmoja kibandani, akauliza bei ya chumvi, nikamtajia. Hakubishana. Alitazama juu ya paa akaanza kuuvumisha puani, pole pole. Nikamwongezea nusu kibaba. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Nimepatana na Waarabu, nimepatana na makarani wa forodha, sijawahi kukutana na namna ile ya kupatana, ambamo mwenzako hasemi kitu na wewe unashuka. Walioimba hata hawakujua ni mimi, wengine. Waliambiwa tu kwamba pale Mkomaindo, ukitaka nyongeza, imba.

Mwenyewe alikuja baada ya miaka minne au mitano. Nilimjua kwa mwendo, hatua nzito na nyepesi, kabla sijaona uso. Alisimama mbele ya kibanda akiwa na kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kibaba kimoja."

Nikapima, nikatia mlima. Nikamngoja aanze kuimba. Hakuimba. Alipitisha kiganja juu ya kibaba, mlima wote ukarudi guniani, kikabaki sawasawa na ukingo.

"Mtoto hajambo?" nikauliza.

"Ana wawili."

"Wanamwitaje?"

"Wanamwita jina lake."

Akamimina chumvi kikapuni, akalipa bei kamili, bila kuniomba nipunguze hata senti. Alishageuka, akarudi hatua moja.

"Baiskeli bado unayo?"

"Niliiuza, mama."

"Ulifanya vizuri," akasema, akaenda zake upande wa hospitali.